Elimu ya juu: wakati profesa na mtunza maktaba hawaongei, mwanafunzi ndiye analipa

Katika vyuo vikuu vingi vya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, profesa anatayarisha somo lake peke yake, na mtunza maktaba, yule ambaye wengi wanamwita bibliotekere, anapanga vitabu vyake peke yake. Wote wawili wanaongozwa na rekta mmoja na wanamtumikia mwanafunzi mmoja. Lakini mara nyingi mwaka wa masomo unaanza na kuisha bila wao kukaa hata mara moja kwenye meza moja.

Zamani hali hiyo ilionekana kuwa jambo dogo. Leo imekuwa tatizo, kwa sababu mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) umebadilisha hesabu. Mfumo huo uliwekwa na sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya elimu ya taifa, na ukaenezwa katika vyuo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Lisansi ina krediti 180 kwa miaka mitatu, masta ina krediti 120 kwa miaka miwili, na ndani ya hesabu ya krediti kuna saa za kazi ya binafsi ya mwanafunzi, ile inayoitwa TPE. Saa hizo mwanafunzi anazipitisha wapi, na kwa vitabu gani? Profesa hawezi kujibu swali hilo bila bibliotekere, na bibliotekere hawezi kulijibu bila profesa.

Silabusi imekula nafasi ya kitabu

Kila mtu aliyepita kwenye chuo kikuu cha Congo anajua silabusi. Ni karatasi za somo, zilizoandikwa na profesa ao asistenti wake, zinazotolewa fotokopi na kuuzwa kwa wanafunzi. Maagizo ya wizara ya elimu ya juu yamekataza kumlazimisha mwanafunzi kununua, lakini silabusi ingali msingi wa masomo. Kwa mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua kitabu kutoka Ulaya, silabusi ni msaada wa kweli. Kwa asistenti asiye na mshahara, ni mkate wa siku.

Shida inaanza pale silabusi inapokuwa kitabu pekee. Mwanafunzi anaisoma, anaikariri, anaandika kwenye mtihani yale aliyokariri, na anapita. Hakuna siku aliyolazimika kutafuta kitabu cha pili chenye mawazo tofauti. Anapofika kwenye TFC ao memwari, ndipo anaingia katika maktaba kwa mara ya kwanza, na ombi lake linajulikana kabla hajafungua kinywa: anataka memwari ya mwenzake inayofanana na mada yake. Humo anapata mpango wa kazi, anapata bibliografia, na wakati mwingine anapata kurasa nzima za kunakili. Direkta wa kazi yake ana kazi nyingine nyingi za kuongoza na anasoma haraka. Kosa lililokuwa katika memwari moja linaingia katika ya pili, kisha katika ya tatu.

Upande wa maktaba, silabusi ina matokeo mengine. Profesa asipotuma orodha ya vitabu vya somo lake, bibliotekere hajui anunue nini siku feza kidogo zinapopatikana. Basi anangojea zawadi. Masanduku yanafika kutoka ng’ambo yakiwa na vitabu ambavyo wenyewe waliviondoa kwenye rafu zao: sheria za inchi nyingine zilizokwisha kubadilishwa, masomo ya ordinateri ya wakati wa disketi, vitabu vya Kiingereza kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kifaransa. Rafu zinajaa, lakini wasomaji hawaongezeki.

Kuna pia jambo la maprofesa wageni. Vyuo vingi vya Kivu bado ni vijana. ULPGL ya Goma ilizaliwa mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu (UCB) na kile cha Graben (UCG) huko Butembo mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM) na Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu (UOB) vilianza mwaka 1993 kama matawi, vikapata uhuru mwaka 2004. Kwa kuwa maprofesa wa mahali hapo hawakutosha, desturi imekuwa kuwaita wengine kutoka Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani. Profesa anafika, anafundisha somo zima kwa juma moja ao mawili, anatoa mtihani, anarudi kwake. Muda huo hautoshi kwake kujua maktaba ya chuo ina nini.

Tangu mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa sababu ya vita, safari hizo zimekuwa ngumu zaidi. Profesa akifundisha kutoka mbali kwa njia ya intaneti, mtu wa chuo anayebaki karibu na mwanafunzi, mwenye kujua kitabu kiko wapi, ni bibliotekere. Kumwacha nje ya matayarisho ya somo ni kujinyima msaidizi aliye papo hapo.

Ngazi zinazotenganisha

Sababu moja ya ukimya huo ni namna wafanyakazi wa chuo wanavyogawanywa. Kundi la kwanza ni la akademiki, yaani maprofesa. Kundi la pili ni la sayansi: maasistenti na machefu wa kazi, wanaojulikana kama CT. Kundi la tatu linaitwa PATO, yaani wafanyakazi wa ofisi, wa ufundi na wa mikono. Bibliotekere wengi wamewekwa katika kundi hilo la tatu, pamoja na sekretari, dereva na mlinzi.

Kazi za hao wote ni za heshima, na chuo hakitembei bila wao. Lakini mtu wa PATO kwa kawaida hakai katika baraza la fakultate linaloamua somo gani litafundishwa na namna gani. Bibliotekere anapata habari ya somo jipya sawa vile mwanafunzi anavyoipata: kwenye tangazo lililobandikwa ukutani. Wakati huo ni kuchelewa kuagiza kitabu, kuchelewa kupakua makala, kuchelewa kutayarisha chumba.

Profesa naye, hata mwenye nia njema, yuko katika mbio. Wengi wanafundisha kwenye vyuo viwili ao vitatu kusudi waweze kulisha jamaa. Mapatano ya Bibwa, kati ya serikali na masindika ya elimu ya juu juu ya mishahara, yanarudi mdomoni kila mara mgomo unapotangazwa. Na migomo haiendi pamoja: maprofesa wana sindika yao, maasistenti na CT wana yao, PATO wana yao. Inaweza kutokea kwamba maprofesa wamerudi kazini na maktaba imefungwa, kisha maktaba inafunguliwa wakati auditwari ziko kimya.

Chini ya hayo yote kuna mekanizasio. Kuna wafanyakazi wa vyuo, wa sayansi na wa PATO, wanaotumika miaka mingi wakiitwa “unite mpya”, maana yake majina yao hayajaingia katika listi ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa primu lokali inayotoka kwenye malipo ya masomo ya wanafunzi. Wazazi wakichelewa kulipa, primu inachelewa. Baada ya miji ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa AFC/M23, katika mwezi wa kwanza na wa pili 2025, banki zilifunga milango, na hata wenye mshahara walilazimika kuutafuta mbali. Katika hali hiyo, kumwomba bibliotekere aache mlango wazi mpaka saa kumi na mbili jioni ni kumwomba zawadi.

Ni kweli kwamba taabu hizo haziwezi kumalizwa na watu wawili wa chuo kimoja. Lakini sehemu ya hasara inayompata mwanafunzi haitokani na ukosefu wa feza. Inatokana na habari ambazo mmoja anazo na mwingine hana.

Funguo ya bure inayolala kwenye droo

Mfano ulio wazi ni wa majarida ya sayansi. Mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani (OMS) na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, kusudi vyuo na hospitali za inchi zenye mapato madogo zisome majarida ya afya bila kulipa ao kwa bei ndogo. Baadaye zikafuata AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa teknolojia na GOALI kwa sheria. Leo programu hizo tano ziko chini ya jina moja, Research4Life, na Congo iko katika kundi la inchi zinazoingia bure.

Programu hiyo haimpi funguo mtu mmoja mmoja. Ni chuo kinachojiandikisha, na chuo ndicho kinachopewa jina la kuingilia na neno la siri. Mara nyingi anayelitunza ni bibliotekere. Ikiwa hajawahi kualikwa kwenye mkutano wa fakultate, neno hilo linabaki kwenye droo yake. Profesa anatafuta makala, anakuta ukurasa unaomdai makumi ya dola, anafunga ordinateri na kurudilia silabusi ya zamani. Kumbe chuo chake kinaweza kuwa na haki ya kuisoma makala hiyo bila kulipa hata franga moja.

Jambo hilo lina uzito katika Kivu. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ilipotangaza Mpox kuwa hatari kwa afya ya dunia nzima, macho ya watafiti yalielekea Kamituga, jimbo la Kivu Kusini, ambako aina mpya ya virusi hiyo ilitambuliwa. Makala juu ya Kamituga zilitoka katika majarida ya ng’ambo. Nyingine ziko wazi kwa kila mtu, nyingine zinahitaji funguo. Mwanafunzi wa udaktari wa Bukavu akishindwa kusoma yale yaliyoandikwa juu ya ugonjwa wa jimbo lake, na funguo iko katika jengo la pili, hapo hakuna wa kumlaumu huko ng’ambo.

Kuna hatari nyingine: bibliotekere akihamishwa ao akifariki bila kumwachia mwenzake neno la siri, chuo kinaanza upya. Na likitangazwa ovyo kwenye WhatsApp, chuo kinavunja masharti na kinaweza kufungiwa. Profesa na bibliotekere wakipatana nani analijua na linabadilishwa lini, shida zote mbili zinaondoka.

Majarida ya uongo, mtego wa wenye haraka

Kupanda kutoka asistenti mpaka CT, na kuendelea mpaka uprofesa, kunadai makala zilizochapishwa. Wachuuzi wanajua haraka hiyo. Imeli inafika ikimsifu mtafiti kwa jina, ikiahidi kuchapisha makala yake kwa siku chache akituma dola kadhaa. Anatuma, makala inatokea kwenye ukurasa wa intaneti bila mtaalamu yeyote kuisoma, na mwaka unaofuata jarida limepotea. Feza za jamaa zimekwenda, na jina la chuo limechafuka.

Mtu aliyeufungua macho ulimwengu juu ya biashara hiyo alikuwa bibliotekere. Jeffrey Beall, wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver, Marekani, alitunga orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka, akaiendeleza mpaka alipoiondoa mwezi wa kwanza 2017. Orodha hiyo ilileta ubishi, na wako waliosema iliwaonea wachapishaji wadogo. Lakini ilionyesha kwamba mtu anayekaa na majarida kila siku anaona jambo ambalo mwandishi wa makala, mwenye haraka ya kupanda ngazi, halioni.

Bibliotekere wa Goma ao Kisangani anaweza kufanya kazi hiyo kwa kiasi chake. Anaweza kuangalia kama jarida liko katika DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2003, ao katika AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu mwaka 1998. Ni kazi ya dakika chache kabla asistenti hajatuma feza. Inataka tu asistenti awe na desturi ya kuuliza.

Lwiro na Yangambi: karatasi inayongojea msomaji

Congo imekwisha kuwa na mahali ambapo mtafiti na maktaba walitumika pamoja. Huko Lwiro, katika teritware ya Kabare, taasisi ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga laboratwari na maktaba katika eneo moja. Leo ni kituo cha CRSN-Lwiro. Vitabu na majarida ya zamani ya wanyama, mimea, volkano na tetemeko la ardhi yamebaki huko, kilomita makumi chache tu kutoka auditwari za Bukavu.

Yangambi, karibu na Kisangani, ilikuwa makao ya INEAC tangu mwaka 1933. Watu wake walipima mvua na joto siku kwa siku, wakaandika kwenye karatasi. Katika miaka hii, watafiti wa mradi COBECORE walizichukua karatasi za hali ya hewa za wakati huo, zilizotunzwa katika arshivu za Ubelgiji, wakaziingiza katika ordinateri, kusudi waelewe namna hali ya hewa ya bonde la Congo inavyobadilika. Karatasi ambazo wengi wangeziona kuwa takataka zimekuwa dawa ya swali la leo, kwa sababu kuna mtu aliyezipanga na kuzilinda.

Memwari na tezi zinazolala katika maktaba za vyuo vyetu ni mali ya namna hiyo. Ndani yake kuna bei za masoko, habari za vijiji, hesabu za hospitali, na mahojiano na wazee ambao hawako tena. Unyevu, panya na vita vinaweza kuzimaliza. Kuzitunza ni kazi ya bibliotekere, lakini kuamua zipi zina thamani na kumwomba mwanafunzi atoe kopi ya ordinateri ni neno la profesa.

Majirani wamepangaje

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania, bibliotekere wenye masomo ya juu, ambao huko wanaitwa wakutubi, wana ngazi zao sambamba na za walimu, mpaka kufikia uprofesa. Wanafundisha, wanafanya utafiti, wanapimwa kwa makala. Maktaba mpya ya chuo hicho, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwezi wa kumi na moja 2018, inaweza kupokea wasomaji 2100 kwa wakati mmoja. Jengo la namna hiyo ni gharama kubwa. Lakini uamuzi wa kumpa bibliotekere ngazi ya kitaaluma ni wa karatasi na sahihi.

Masomo ya kazi hiyo pia hayako mbali. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kimekuwa na shule ya bibliotekere wa Afrika Mashariki tangu mwaka 1963. Kwa wanaosoma kwa Kifaransa, EBAD ya Dakar, Senegali, imefundisha bibliotekere na watunza arshivu wa inchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1960. Huko Marekani, vyama vya maprofesa na vya bibliotekere vilikaa pamoja katika miaka ya 1970 kuandika tamko la kuunga mkono cheo cha kitaaluma kwa bibliotekere wa vyuo, na mpaka leo vyuo vyao havijakubaliana wote. Swali hili si la Congo peke yake.

Mambo yanayoweza kuanza muhula ujao

Kubadilisha sheria ya wafanyakazi ni kazi ya Kinshasa, na itachukua muda. Lakini kuna mambo manne ambayo chuo kinaweza kuanza kwa uamuzi wa rekta ao wa dwayeni wa fakultate.

La kwanza ni orodha. Kila profesa, wa mahali ao mgeni, atume kwa maktaba majina ya vitabu na makala tano za somo lake mwezi mmoja kabla ya kuanza. Bibliotekere aonyeshe zipi zipo, zipi zinapatikana bure kwenye intaneti, na zipi za kununua feza zikipatikana. Silabusi ibaki, lakini kwenye ukurasa wake wa mwisho kuwe na orodha hiyo pamoja na namba za rafu.

La pili ni saa moja ya auditwari. Katika somo la metode ya utafiti, ambalo kila fakultate inalo, profesa ampe bibliotekere saa moja afundishe namna ya kutafuta makala, kutaja chanzo, na kutambua jarida la uongo. Asubuhi moja inatosha kuwafikia wanafunzi mia mbili ambao angewajibu mmoja mmoja mwaka mzima.

La tatu ni kopi ya ordinateri. TFC na memwari zisitiwe sahihi ya mwisho mpaka kopi ifike maktaba kwa flashi ao kwa imeli. Programu za bure za kupanga kazi hizo ziko, kama DSpace, na za kuendesha maktaba ziko pia, kama PMB na Koha. Hata chuo kisicho na sarva kinaweza kuanza na diski mbili zinazotunzwa mahali tofauti.

La nne ni kiti. Bibliotekere mkuu aalikwe kwenye baraza la fakultate, hata bila kura, mara mbili kwa mwaka. Hapo atasikia masomo mapya, na maprofesa watajua funguo gani iko kwenye droo.

Mambo hayo hayataleta mshahara wa yule asiyemekanizwa, wala hayatafungua uwanja wa ndege. Vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuendelea kudai, na serikali ina deni la kujibu. Lakini mwanafunzi anayeandika memwari mwaka huu hatangojea mapatano mengine. Mzazi wake amekwisha kuuza mbuzi ao kukopa kwa jirani kwa ajili ya malipo ya masomo, na katika malipo hayo maktaba imehesabiwa. Ana haki ya kukuta ndani yake kitabu ambacho profesa wake amekichagua, na mtu anayejua kiko rafu gani.